Mke wangu alivyoigiza chini ya maji akiwa uani kwetu Mwembesongo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu mimi ni mtu wa kusoma na kuondoka. Leo nimeona niandike. Nitakayoyasema yote yametokea, na wanaonijua watawaambia kwamba kudanganya si kwamba nakatazwa na dini tu, hata kipaji chenyewe sina.

Juzi kuna kijana alifungua uzi akauliza zile sehemu za filamu ambazo mtu yuko chini ya maji huwa wanazipigaje. Mkamjibu mengi, mambo ya mabwawa makubwa ya nje, mitungi ya hewa na wapiga mbizi. Mimi ya nje siyajui. Najua moja tu, ilipigwa hapa Morogoro, na aliyekuwa chini ya maji ni mke wangu.

Mke wangu nilimzika mwaka jana. Kwa hiyo mnivumilie nikienda taratibu.

Nitamwita Mama Shani, ndivyo nilivyomwita nyumbani. Alikuwa Mluguru kama mimi, kwao juu milimani, kwetu hapa chini mjini. Tulikutana kiwandani, yeye akiwa upande wa kukagua vitambaa, mimi upande wa kubeba. Elimu yangu ni darasa la saba, yake pia, ila yeye alikuwa na maneno.

Wenye umri wangu mnakumbuka ile miaka ya soko huria. Viwanda vikaanza kufungwa, vingine vikauzwa, sisi tukaambiwa tupumzike. Mimi nikaingia kwenye mitumba, nikawa nauza mashati sokoni. Mama Shani akakusanya akina mama waliopunguzwa pamoja naye, wakaanzisha kikundi cha maigizo. Walianza kwa kuigiza kwenye maharusi na mikutano. Kisha zikaja kamera za video, na kila mtu akataka filamu.

Mwenye kamera wetu alikuwa Mihayo, Mnyamwezi, naye tulitoka naye kiwandani. Alikuwa anakaa njia ya kwenda Mzinga na kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Kwa vijana ambao hamjui, Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakusema mbele ya wakwe zako na hakuna wa kumkamata. Mihayo na Mama Shani hawakuwahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja.

Filamu yao ilikuwa ya mwanamke anayechukuliwa na jini la mtoni, anaishi chini ya maji, mumewe anamtafuta. Mwanamke ni Mama Shani. Kulikuwa na kikundi kingine cha mtaa wa pili ambao walisikia habari hiyo wakacheka sana. Wakasema atalala kwenye karai. Mama Shani akawajibu hadharani, sokoni, kwamba ataingia chini ya maji na watamwona akiwa na macho wazi.

Akishasema neno hadharani, kulirudisha hakuna. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mihayo akaenda kwa fundi madirisha, akatengenezewa sanduku. Fremu ya chuma, vioo vya dirisha pande zote na chini, mipakani kumejazwa puti, juu wazi. Hesabu yake ilikuwa hivi: kamera inawekwa ndani ya sanduku, sanduku linasukumwa mtoni mpaka nusu yake izame, kamera inabaki kavu lakini inaona chini ya maji. Nikawaza, huyu mtu ana akili.

Tukapanda mpaka juu ya Bigwa, kwenye dimbwi moja ambalo mto unatulia kabla ya kuendelea kushuka. Maji ya milima yetu mnayajua. Ni masafi mpaka unaona kokoto, na ni ya baridi mpaka meno yanauma.

Jambo la kwanza tulilojifunza: sanduku tupu halitaki kuzama. Ukilisukuma upande huu, linainukia upande ule. Ikabidi mimi nililalie kwa kifua, miguu ikiwa imekanyaga mawe, Mihayo ameinama juu ya bega langu anachungulia kwenye kamera.

Jambo la pili: mtu naye hataki kuzama. Mama Shani alivuta pumzi akakaa chini, na maji yakamrudisha juu kama boya. Akajaribu tena. Safari hii khanga ikaingiwa na hewa, ikatuna, ikamzunguka kichwani. Tukabaki tunaona miguu tu. Mihayo akamshauri afunge mawe kwenye pindo la khanga. Akafunga. Akazama kweli, tena haraka kuliko tulivyotegemea, nikaliachia sanduku nikamfuata. Kamera iliponea chupuchupu, Mihayo alikuwa ameikumbatia kama mtoto.

Pale chini kidogo kulikuwa na bibi mmoja anaosha karoti zake za kupeleka sokoni. Sisi tulikuwa tumevuruga tope lote linamshukia. Akapanda kuja kuona. Tukampa shikamoo akaipokea, akatutazama mmoja mmoja, akamtazama Mama Shani anavyotetemeka na mawe yake kwenye khanga.

"Mnamzamisha mwenzenu mchana kweupe," akasema, "na huyu mwenye miwani anapiga picha ya ushahidi?"

Mihayo akamweleza kwamba ni filamu. Bibi akauliza filamu ndiyo nini. Akaelezwa. Akafikiri. Akasema basi tungoje amalize karoti, halafu tuzamishane mpaka jioni.

Tuliporudi tukaangalia kaseti nyumbani kwa Mihayo. Kwa sababu ya ile baridi, kioo kilikuwa kimeota ukungu kwa ndani. Picha yote kijivu. Katikati ya kijivu ukatokea uso wa mke wangu, mashavu yamejaa hewa, macho yamemtoka, halafu khanga ikafunika kila kitu.

"Mtani," Mihayo akasema, "hapa umefanana na chura aliyenyimwa mchumba."

"Afadhali chura," akajibu. "Mnyamwezi hata kuoga anasubiri masika."

Tulicheka, lakini usiku ule alianza kukohoa, na kikohozi kikakaa naye siku kadhaa. Mimi huwa sisemi sana nyumbani. Siku hiyo nilisema. Nikamwambia mtoni harudi, hata kama mtaa mzima utacheka. Akaniangalia tu. Alijua kwamba nikishasema mimi, basi. Na mimi nilijua kwamba amekwishawaambia watu wote sokoni.

Wakuu, msione ni jambo dogo. Kiwandani alikuwa mtu wa kuheshimika. Baada ya kiwanda, kile kikundi ndicho kilichombakiza hivyo. Angeonekana mropokaji, akina mama wale wangetawanyika kila mmoja na ndoo yake ya vitumbua.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Mihayo alilileta sanduku kwetu ili alijaze maji aone kama puti inavuja, maana alikuwa bado na wazo la kwenda mtoni na mwanamke mwingine. Akaliweka juu ya meza uani, akalijaza. Mama Shani alikuwa upande wa pili wa meza, amekaa kwenye kigoda anachagua mchele. Mihayo akainama kutazama kama kuna tone linalotoka, akakaa hivyo hivyo ameinama. Halafu akaniita kwa mkono.

Nikainama. Ukitazama kupitia yale maji, mke wangu alikuwa chini ya maji. Anachagua mchele chini ya maji.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, wapangaji wenzetu wengi wakiwa kanisani na wengine sokoni, tulifunga geti la uani. Uzio wetu ulikuwa wa mabati ya zamani, umetuzunguka vizuri, au ndivyo nilivyoona mimi.

Nyuma ya Mama Shani tulitundika turubai la bluu, la kaka yake anayelima mpunga Dakawa, lile wanaloanikia mpunga. Mbele yake lile sanduku limejaa maji. Mbele ya sanduku kamera. Yeye mkavu kabisa, yuko katikati, amekaa kwenye kigoda.

Mimi nilipewa kazi mbili. Mkono mmoja ulishika kioo cha kujitazamia kilichozamishwa kwenye beseni la maji juani, ili mwanga uruke umwangukie usoni ukichezacheza kama unavyocheza mtoni. Mkono wa pili ulishika ungo, nampepea nao polepole kutoka chini ili khanga na nywele zielee. Jaribuni siku moja kutikisa beseni kwa mkono huu na kupepea kwa mkono ule bila mikono kufuatana. Nilikosea mpaka Mihayo akauliza kama Waluguru huzaliwa na mkono mmoja.

Mapovu yalikuwa kazi ya Mihayo. Alichukua bua la jani la mpapai, ambalo ni wazi katikati, akalitumbukiza kwenye sanduku mpaka chini, huku jicho liko kwenye kamera na mdomo unapuliza. Mapovu yakawa yanapanda mazuri kweli.

Halafu likatokea ambalo hatukulipanga. Lile turubai lilikuwa na pumba na vumbi la mpunga kwenye mikunjo yake. Nilipopepea kwa ungo, pumba zikainuka, zikawa zinaelea nyuma yake na pembeni yake zikimulikwa na ule mwanga. Mnajua maji ya mto yanavyokuwa na vitu vidogo vidogo vinavyopita? Ilikuwa hivyo hasa. Mihayo akaacha kupuliza ili asicheke.

Na Mama Shani? Yeye alibana pumzi. Hakukuwa na sababu, hewa ilikuwa ya kutosha Mwembesongo nzima. Akasema asipobana uso hautakubali. Akawa anageuza shingo polepole, anainua mkono polepole, macho wazi kama alivyoahidi. Nilimwoa zamani, nimezaa naye, lakini siku ile nilimtazama kupitia maji yale nikamwona kama mtu nisiyemjua, anayekwenda mahali ambapo mimi siruhusiwi. Ungo ukanishuka mkononi. Mihayo akanikaripia.

Tulipomaliza akaniita chumbani.

"Baba Shani," akasema, "watu watakuuliza. Usiseme uongo, najua huwezi. Wewe nyamaza tu. Lakini usiseme ilikuwa uani."

Nikamwahidi.

Filamu ilionyeshwa kwenye kibanda cha video pale pale Mwembesongo. Watu walijaa mpaka mlangoni. Ilipofika sehemu ya maji, kibanda kikanyamaza. Kulikuwa na kasoro moja tu: lile bua lilikuwa limekaa pembeni kidogo, hivyo mapovu hayakutoka mdomoni kwa Mama Shani, yalitoka sikioni. Nikajua tumekamatwa. Lakini mtu mmoja gizani akaeleza kwamba majini ndivyo wanavyopumua, na wenzake wakakubali. Walipiga makofi. Wale wa kikundi cha mtaa wa pili walikuja kumpa mkono.

Tangu hapo akawa Mama wa Chini ya Maji. Na mimi nikaanza maisha yangu ya shida.

Kila mtu aliniuliza. Sokoni mteja anashika shati, hata bei hajauliza, ananiambia, hivi Baba Shani, mkeo kule chini alikaa muda gani? Kinyozi, ameniwekea wembe shingoni, anauliza hakuogopa mamba? Nikitoka msikitini nashikwa bega: ilikuwa dimbwi gani lile?

Uongo siwezi, na ukweli nimeuahidi. Njia niliyoipata ilikuwa kujibu jambo jingine la kweli. Nilikuwa nasema, shati hili lina mfuko mmoja. Au, jua la leo kali. Halafu natazama viatu vyangu. Wakati mwingine jasho linanitoka. Watu wanasubiri, wananitazama usoni kwa makini sana, halafu wanashukuru na kuondoka.

Nikirudi nyumbani namweleza Mama Shani, leo fulani ameniuliza hivi, nikamjibu hivi. Yeye anageukia jikoni, anainamia moto, mabega yanatikisika. Nilijua ni moshi. Siku nyingine nilimpa pole.

Haya mambo yaliendelea miaka, wakuu. Filamu yenyewe ilishasahaulika, zikaja za kina fulani wa Dar, kaseti zikaisha, zikaja CD, zikaisha nazo. Maswali hayakuisha. Nilishangaa lakini nikaona ni heshima yake.

Alipougua hakuugua muda mrefu. Alipolazwa, kuna nesi alikuja kumbadilishia dripu, binti wa mtaani kwetu. Akamtazama, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: huyu si ndiye yule wa chini ya maji, baba? Ilikuwaje kwani?

Nikatazama dripu. Nikasema, hii chupa inakaribia kuisha.

Mama Shani akageukia ukutani na mabega yakaanza kutikisika. Nikafikiri maumivu yamezidi, nikamwomba nesi amwite daktari. Nesi akatoka haraka, ameshika mdomo.

Alifariki wiki ile.

Msiba ulikuwa hapo hapo kwetu. Mimi nilikaa na wanaume, nikapokea pole. Kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni ile ahadi. Nilikuwa nimeitunza mpaka mwisho, na sasa kulikuwa na watu wengi pamoja, na nilijua kuna atakayeuliza. Niliona kama wakijua leo, wakati yeye hayupo wa kuwajibu, nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu.

Siku ya hitima, dua imeshasomwa na watu wamekula, Mihayo akasimama katikati ya uwanja. Amezeeka sasa, anatembea na mkongojo. Mtani kwenye msiba ana ruhusa yake, hakuna anayemzuia. Akaingia ndani kwa akina mama, akatoka amejifunga khanga ya marehemu kichwani. Akaomba kigoda. Akakaa.

Akavuta pumzi, akajaza mashavu, akaanza kuinua mkono polepole.

Nikainuka. Nilitaka kumzuia, wakuu, mtani au si mtani. Niliona anaitoa siri ya mke wangu kwenye hitima yake. Nikafika hatua mbili hivi, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka jikoni:

"Mapovu yatoke sikioni, Mihayo."

Watu wakaanza kucheka. Mwanamke mwingine akaja mbio na ungo, akawa anampepea Mihayo kutoka chini, mkono mmoja, na mkono wa pili anajifanya anatikisa beseni, mikono inafuatana, uso ameukunja kama mimi. Nikajiona kabisa. Mtu mmoja akauliza, pumba ziko wapi sasa, Dakawa hawajaleta turubai?

Kisha akasimama jirani yetu Mzee Abdu, ambaye enzi hizo alikuwa anapitisha mkaa kwa baiskeli. Akasema yeye alidai tangu zamani naye ahesabiwe kwenye waigizaji, maana ukisikiliza vizuri, pale mwanamke yuko chini kabisa ya mto, kuna sauti inapita kwa mbali inaita mkaa. Ni yake.

Walijua wote. Tangu siku ile ile ya kwanza kibandani. Mabati ya uzio wetu yalikuwa na matundu ya misumari, na Jumapili ile nusu ya mtaa haikwenda kanisani wala sokoni.

Nikabaki nimesimama katikati yao. Mama Kulwa, ambaye alikuwa kwenye kikundi na Mama Shani tangu mwanzo, akanishika mkono akaniketisha.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Marehemu alijua kwamba mnajua?

"Shemeji," akasema, "yeye ndiye aliyekuwa anatutuma tukuulize."

Akanieleza. Mara ya kwanza nilipoulizwa nikajibu habari ya mfuko wa shati, aliyeniuliza alikwenda kumsimulia Mama Shani, na Mama Shani akacheka mpaka akakaa chini. Akawa anawaambia, nendeni mkamuulize tena, leo sijui atasema nini. Kinyozi alitumwa. Wa msikitini alitumwa na mke wake, ambaye naye alitumwa na Mama Shani. Hata yule nesi alitumwa asubuhi ile, na mgonjwa mwenyewe, kitandani. Mama Kulwa alikuwepo. Alimwambia yule binti, muulize mume wangu, nataka kumwona mara moja tena.

Hapo nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu alazwe. Nilicheka mpaka nikashindwa kuendelea, na kilichofuata mnakijua, wanaume wenzangu wakanifunika na shuka wakaniacha.

Sasa funzo langu mimi, kama nimelielewa. Nilidhani miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa namlinda yeye asichekwe. Kumbe yeye kuchekwa hakukumsumbua tena, mapovu ya sikioni aliyacheka na wenzake usiku ule ule. Aliniomba ile ahadi kwa nia nzuri siku ya kwanza, halafu akaona ninavyoibeba, akaipenda, akaiacha hivyo hivyo. Mtu wa kimya kama mimi ni vigumu kumchokoza. Yeye aliipata njia, na mtaa mzima ukamsaidia bila hata mmoja kuropoka. Siku hizi nikisikia watu wakisema Waswahili hawana siri, nanyamaza.

Kinachoniuma ni kwamba sasa nimeuelewa mchezo, na nina majibu mengi mazuri ambayo ningempelekea jikoni.

Huyo kijana aliyeuliza zinapigwaje, nadhani nimemjibu. Aliyewahi kuchezewa hivi na mtu wake ambaye hayupo tena, naomba aandike hapa chini, nitasoma yote. Na mwenye swali lolote kuhusu siku ile aulize waziwazi. Nitamjibu alichouliza.